Kila Pepa ni Ufahamu: Kuwaandaa Vijana wa Ufipa Kusoma Kiingereza cha Mtihani
Mhadhara wa umma, Matai, Wilaya ya Kalambo



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwaandaa vijana kwa maswali ya ufahamu wa Kiingereza katika mtihani unaofungua mlango wa chuo kikuu. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, ila naomba nilipanue jambo lenyewe tangu mwanzo. Tumezoea kudhani kwamba ufahamu ni sehemu A ya pepa ya Kiingereza, inayomhusu mwalimu wa Kiingereza na wanafunzi wa michepuo ya lugha. Mimi nasema mtihani mzima wa kidato cha sita ni mtihani wa ufahamu. Anayesoma Historia, Jiografia, Uchumi au Biolojia hupewa swali kwa Kiingereza, na kabla hajaonyesha anachokijua, hana budi aelewe anachoulizwa. Akikosea hapo, maarifa yake yote yanabaki kichwani na karatasi inarudi bila alama.

Uzito wa alama moja

Kwa mhitimu wa kidato cha sita, Tanzania haina mtihani mwingine wa kuingilia chuo kikuu. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutazama matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA. Kigezo cha jumla cha kuanza shahada ni ufaulu wa masomo mawili katika kiwango cha "principal", yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. A ina pointi 5, B ina 4, C ina 3, D ina 2 na E ina 1. Maana yake ni kwamba aliyepata D mbili amefika kizingitini, na aliyepata D na E amebaki na pointi 3, hakufika. Kati ya D na E huenda pana maswali mawili tu ambayo mtahiniwa aliyaelewa visivyo. Wanafunzi, kumbukeni hilo kila mnapotaka kurukia kuandika kabla ya kumaliza kusoma swali.

Hali hii ya kuulizwa kila kitu kwa Kiingereza ina historia. Tangu 1967, mwaka wa Elimu ya Kujitegemea, shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na NECTA ikaundwa kwa sheria ya 1973. Mitihani ikaanza kutungwa nyumbani na Watanzania, lakini lugha ya mtihani wa sekondari ikabaki Kiingereza. Mtoto wa Matai huanza maisha kwa Kifipa, Kimambwe au Kilungu, akajifunza Kiswahili shuleni na sokoni, kisha akiingia kidato cha kwanza anakabidhiwa vitabu vya Fizikia na Historia katika lugha ya tatu. Kwa miaka saba Kiingereza kilikuwa somo mojawapo. Ghafla kinakuwa njia ya masomo karibu yote.

Ushahidi tulio nao

Hatukosi taarifa juu ya jambo hili. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zihamie kwenye Kiswahili, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walipima uwezo wa kusoma Kiingereza katika shule na vyuo vyetu. Wakakuta kwamba hata chuo kikuu, chini ya asilimia 20 ya waliopimwa ndio walioweza kusoma kwa wepesi hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Hao walikuwa vijana waliokwisha kufaulu. Mwaka 1997 Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walichapisha kitabu kizima kuhusu mgogoro huu wa lugha katika sekondari zetu. Sera ya Elimu ya 2014 ilifungua tena mlango wa Kiswahili kwa ngazi zote, lakini kijana atakayefanya mtihani Mei ijayo bado atapewa pepa za Kiingereza.

Ushahidi ulionigusa kuliko wote unatoka Zanzibar. Pauline Rea-Dickins wa Chuo Kikuu cha Bristol na wenzake walichukua maswali ya mtihani ambayo wanafunzi walikuwa wakiyaacha wazi, wakayaandika upya kwa Kiingereza chepesi zaidi au kwa Kiswahili. Wanafunzi wengi waliokuwa wameacha nafasi tupu wakajibu. Maarifa ya somo walikuwa nayo, ila lugha ya swali iliwafungia mlango.

NECTA yenyewe hutusaidia. Kila mwaka hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na yeyote anaweza kuzisoma bure. Zisomeni, walimu wa Historia, Jiografia na Biolojia. Sababu mbili zinajirudia humo mwaka hadi mwaka: mtahiniwa hakutambua matakwa ya swali, na mtahiniwa hakuimudu lugha ya Kiingereza. Ndiyo maana nasema kila pepa ni ufahamu.

Msomaji anaelewaje?

Msomaji anaposhika matini, mambo matatu hufanya kazi pamoja.

La kwanza ni msamiati. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba msomaji huelewa vizuri bila msaada akiwa anajua takriban asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yake. Chukueni kifungu cha maneno 500. Kwa asilimia 98, maneno mageni ni 10, na mengi kati yake yanaweza kukisiwa kutokana na muktadha. Kwa asilimia 90, maneno mageni ni 50, na hapo hakuna cha kukisia, maana hata muktadha wenyewe una mashimo. Mwaka huohuo Averil Coxhead alitoa orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, ambayo huchukua kama asilimia 10 ya matini za vyuo. Haya ni maneno yasiyomilikiwa na somo lolote, yanayotumika katika Biolojia kama yanavyotumika katika Uchumi. Familia hizo 570 zinaweza kufundishwa katika miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita, tena na walimu wote kwa kugawana.

La pili ni maneno madogo yanayobeba mantiki. Nimetunga sentensi moja ya mfano: "Although the district harvests more maize than it eats, few farmers can afford to wait until prices rise." Sasa tuulize: je, wakulima wengi huuza lini? Sentensi haikutaja kuuza hata mara moja. Mwanafunzi mwenye haraka huona "few", akadhani ni "a few", akajibu kwamba wapo wakulima wanaosubiri bei ipande. Msomaji makini huona kwamba "few" bila "a" inasisitiza uhaba: ni wachache mno wanaomudu kusubiri, kwa hiyo walio wengi huuza mapema, bei ikiwa bado chini. Huona pia kwamba "although" imeweka mambo mawili yanayokinzana: mavuno ni mengi, lakini mkulima hana uwezo wa kungoja. Jibu lote limejificha katika maneno mawili ambayo hakuna desa, yaani muhtasari wa kukariri, linaloyafundisha.

La tatu ni maarifa ya awali. Mwaka 1988 nchini Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliielewa habari hiyo kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo mtoto tunayemwita mzito wa kuelewa huenda hajawahi kupewa matini inayokutana na anachokijua.

Tufanye nini Ufipa?

Tuanze na maarifa tuliyonayo. Hapa wilayani kuna Maporomoko ya Kalambo, yenye kimo cha zaidi ya mita 200. Jirani nayo, upande wa Zambia, timu ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilikuta magogo mawili yaliyochongwa yakapachikana, yenye umri wa miaka isiyopungua 476,000. Taarifa ilitolewa katika jarida la Nature mwezi Septemba 2023. Huo ni umri mkubwa kuliko wa binadamu wa aina yetu. Kuna habari gani bora zaidi ya kufundishia ufahamu katika shule ya Kalambo? Vivyo hivyo, mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda ameandika kwa Kiingereza kuhusu uhunzi wa Wafipa na malungu, zile tanuru ndefu za kuyeyushia chuma. Mwanafunzi aliyesikia habari za malungu kwa babu yake anapozisoma kwa Kiingereza, nusu ya kazi ameshaifanya. Walimu, tungeni vifungu vyenu kutoka katika mambo haya, kisha mtunge maswali ya aina zote: ya moja kwa moja, ya kukisia maana ya neno, ya kubaini msimamo wa mwandishi na ya ufupisho.

Jambo linalofuata ni wingi wa kusoma. Mwaka 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vya Kiingereza, takriban 250 kwa darasa, katika shule za msingi za vijijini huko Fiji, ambako Kiingereza si lugha ya nyumbani. Watoto wale waliendelea katika kusoma kwa kasi ya karibu mara mbili ya wenzao waliofundishwa kwa mazoezi ya kawaida. Hawakupewa vifaa vya ajabu. Walipewa vitabu vyepesi vyenye mvuto na muda wa kuvisoma. Shule ya Ufipa inaweza kutenga dakika 20 kila siku, kila mwanafunzi na kitabu anachokiweza, hata kikiwa cha kiwango cha chini ya kidato chake. Maktaba ya mkoa ipo Sumbawanga mjini, na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure katika maktaba mtandao yake. Penye kompyuta moja na printa moja, hapakosekani cha kusoma.

Tena, Kiswahili kitumike waziwazi kama daraja. Anayejua kutafuta wazo kuu katika kifungu cha Kiswahili anaubeba ustadi huo anapokwenda kwenye Kiingereza, mradi msamiati usimwangushe. Kampuni moja ya magazeti ya serikali huchapisha HabariLeo na Daily News. Mwanafunzi asome habari katika HabariLeo, kisha atafute habari hiyohiyo katika Daily News, aone sentensi zilivyogeuka. Darasani, matini ikisomwa kwa Kiingereza, wanafunzi wajadiliane kwa Kiswahili katika vikundi mpaka waelewane, ndipo waandike majibu kwa Kiingereza. Mwalimu anayemwadhibu mwanafunzi kwa kuzungumza Kiswahili wakati wa majadiliano anamnyamazisha akiwa katika kufikiri. Casmir Rubagumya na wenzake waliandaa na kujaribu vitabu vya kidato cha kwanza vyenye sentensi fupi, faharasa ya Kiswahili na mazoezi ya kuzungumza. Njia hiyo inafaa kuigwa hata katika madaftari yetu ya kawaida.

Pepa za miaka ya nyuma nazo zina nafasi yake. Zinamzoesha mtahiniwa muda na mtindo wa maswali. Lakini anayezikariri na majibu yake anajifunza majibu ya swali ambalo halitarudi. Zitumieni namna hii: msijibu kwanza. Chukueni swali la Historia au la Biolojia, mwanafunzi alieleze kwa maneno yake, ataje kitendo anachoamriwa, mipaka ya muda au mahali aliyowekewa, na idadi ya hoja anazotakiwa kutoa. Baada ya hapo tu ndipo aandike. Zoezi jingine ni la mapengo: mwalimu anakili aya kutoka kitabu cha somo lake, afute kila neno la saba, wanafunzi wajaze. Wilson Taylor alilibuni mwaka 1953, na Criper na Dodd walipima kwa namna hiyohiyo. Halihitaji gharama, na litamwonyesha mwalimu wa somo lolote, kwa kipindi kimoja, kama kitabu anachokitumia kinaeleweka au hakieleweki kwa wanafunzi wake.

Neno la mwisho

Wazazi wangu, fedha mnayoitoa kwa tuisheni ya kukaririshwa madesa, sehemu yake itoeni kwa kitabu kimoja cha hadithi kila muhula. Mkiona mtoto anasoma gazeti au hadithi jioni, msimwambie aache akasome. Huko ndiko kusoma kwenyewe. Wakuu wa shule, wekeni ufahamu katika mpango kazi wa kila idara, na mwalimu wa Fizikia aulizwe kuuhusu kama anavyoulizwa mwalimu wa lugha. Viongozi wa wilaya, katika kila bajeti ya madarasa iwemo rafu ya vitabu vya kusoma, si vya kiada peke yake.

Nanyi wanafunzi, msingoje mwezi Aprili. Anzeni leo jioni: ukurasa mmoja wa Kiingereza, uliosomwa mpaka ukaeleweka, kisha ufupishwe kwa sentensi tatu zenu wenyewe. Kesho ukurasa mwingine. Atakayefanya hivyo tangu kidato cha tano ataketi kwenye chumba cha mtihani akiwa na mazoea ya kuelewa anachoulizwa, na hilo ndilo NECTA inalolipima kwanza katika kila pepa.