Boga la Manjano na Ndugu Zake



Boga changa la manjano likiwekwa kando ya tango pale soko la Kibuye, wanunuzi wengi hawatadhani kwamba ni ndugu. Kumbe ni wa ukoo mmoja. Wamo pia tikiti maji, boga la kienyeji lenye majani ya susa, hata kibuyu kinachopasuliwa kuwa agwata ya uji.

Undugu huo una hasara. Mkulima wa Kano akivuna matikiti na kupanda maboga papo hapo, nzi wa matunda waliokulia udongoni hukuta chakula kiko tayari. Afadhali apande mahindi au kunde.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye nyanya. Zikinyauka, wengi huzing'oa na kupanda osuga, wakiamini mboga ya kienyeji haidhuriki. Osuga ni wa ukoo wa nyanya, pamoja na biringanya, pilipili na viazi mviringo, na bakteria wa mnyauko hukaa udongoni kwa miaka. Sukuma wiki ni ya ukoo mwingine. Hiyo inaweza kupandwa hapo. Mwenye shaka amwone afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kununua mbegu.