Bunduki Isiyoitesa Shingo
Mwindaji mwenye leseni ambaye pingili za shingo yake zimepatwa na maradhi, hata kila pigo la kitako begani likamshushia maumivu hadi vidoleni, hana lazima ya kuiaga bunduki, maadamu tabibu wake amemruhusu. Risasi ya .243 Winchester, iliyotolewa mwaka 1955, husukuma bega takriban nusu ya ile kongwe ya .30-06 ya mwaka 1906, nayo yamtosha kulungu. Bunduki nzito husukuma kidogo kuliko nyepesi, na mpira mnene kitakoni hulainisha pigo. Kulala kifudifudi, shingo imepinda nyuma, naona ni dhuluma kwa uti wa mgongo: keti wima, bunduki uiegemeze juu ya mfuko wa mchanga. Ganzi ikiingia mkononi, acha papo hapo, ukamwone tabibu.