Sikio la Mzee si Jambo la Kungoja

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama)



Wengi wetu tuliotoka Meru na Embu tumeacha wazee nyumbani. Reli yetu hupita Sagana na kuishia Nanyuki, kwetu haifiki. Basi habari za wazee twazipata kwa simu, nasi hutuma pesa za dawa tukadhani tumemaliza. Leo twataka kusema habari za ugonjwa mmoja usiokubali desturi hiyo.

Mzee akiisha kupasuliwa sikio, au hata kuoshwa sikio kwa maji tu, huweza kuingiwa na vijidudu katika tundu la sikio. Kijana hupona upesi. Lakini kwa mzee, na zaidi mwenye kisukari, damu haifiki vema mahali pale, na nguvu za mwili za kupigana zimepungua. Vijidudu hupenya nyama vikaingia katika mfupa wa chini ya fuvu, ule ambao ubongo umeukalia. Mwaka 1968 Daktari Chandler wa Marekani aliandika habari za wagonjwa 13 wa namna hii. Siku zile wengi walikufa. Leo dawa ziko, lakini anayechelewa huponea kwa shida.

Kwa hiyo tukipigiwa simu kwamba sikio la mzee linauma, tuulize mambo matatu. Je, maumivu yanamnyima usingizi, wala vidonge havitulizi? Je, usaha ungali unatoka baada ya wiki kadhaa za dawa ya matone? Je, mdomo umekwenda upande, au kumeza kunamshinda? Hili la mwisho si kurogwa, wala si lazima liwe kiharusi: huenda neva zipitazo katika mfupa ule zimeguswa.

Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, asinunuliwe dawa dukani. Apelekwe hospitali kubwa ya Meru au Embu, aombe daktari wa masikio, apimwe sukari, na usaha upimwe kabla ya dawa ili kijidudu kijulikane.

Tena tujue: dawa ni za wiki 6 au zaidi. Maumivu hutangulia kwisha, na mfupa bado haujapona. Akiacha wiki ya pili, ugonjwa hurudi. Hapo ndipo kazi yetu ilipo: tugawane nauli na zamu za kumpeleka, na mwanachama akiomba ruhusa kwa ajili ya mzazi wake, chama kisimame naye.