SOMO LA SITA: TUTAUPIMAJE UMOJA WA UCHUMI WA AFRIKA MASHARIKI?

Karibuni tena katika masomo yetu ya uchumi kwa watu wazima. Natumaini ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, huko Kongwa na Mpwapwa, Kondoa, Bahi, Manyoni na hapa Dodoma mjini, mmekwisha kuketi, na kila kiongozi wa kikundi anayo kalamu na karatasi, maana leo tunazo hesabu kidogo.

Juma lililopita tulitaja ngazi nne za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ya kwanza ni umoja wa forodha, ulioanza tarehe 1 Januari 2005. Ya pili ni soko la pamoja, lililoanza tarehe 1 Julai 2010. Ya tatu ni umoja wa fedha, ambao mapatano yake yalitiwa sahihi tarehe 30 Novemba 2013 lakini fedha yenyewe bado haijatoka. Ya nne ni shirikisho la kisiasa. Leo tunauliza swali moja tu: tutajuaje kwamba nchi hizi zinaungana kweli kweli, wala si kwa karatasi na sahihi peke yake?

Pengine mtu atasema, "Hayo ni mambo ya wakubwa wa Arusha, sisi wakulima yanatuhusu nini?" Basi mtazameni mkulima wa Kongwa au wa Kiteto anayeleta mahindi yake katika soko la Kibaigwa. Baadhi ya wanunuzi wake huyapeleka Kenya. Mwaka 2017 Serikali yetu ilizuia mahindi kwenda nje, ikihofia upungufu wa chakula nchini. Tarehe 5 Machi 2021 Serikali ya Kenya nayo ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache iliyafungulia, lakini kwa masharti, moja likiwa cheti cha kuonyesha kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja. Kila serikali ilitoa sababu yake, na chakula na afya si sababu ndogo. Lakini mara zote mbili soko la pamoja lilikuwako katika maandishi, na magunia hayakuweza kupita. Asiye na kipimo hawezi kusema ni nani aliyepata hasara, wala ni kiasi gani. Atabaki kulalamika tu.

Kipimo cha kwanza: biashara ya ndani

Kipimo kinachotumika zaidi ni hiki. Chukua biashara yote ambayo nchi za Jumuiya hufanya zenyewe kwa zenyewe. Igawe kwa biashara yao yote na dunia nzima, kisha zidisha kwa 100. Utapata sehemu kwa mia. Katika Jumuiya yetu sehemu hiyo imebaki chini ya robo. Katika Umoja wa Ulaya imepita nusu.

Kipimo hiki ni chepesi, lakini kina dosari tatu, na yafaa tuzijue.

Dosari ya kwanza mnaiona wenyewe barabarani. Malori mengi hupita Dodoma yakitoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Mtu anayeyahesabu aweza kudhani kwamba Tanzania na Rwanda zinauziana mali nyingi sana. Lakini mengi ya malori hayo yamebeba vitu vilivyotoka ng'ambo. Sisi tumepata ushuru wa bandari na nauli ya barabara, nayo ni faida halali. Lakini mali yenyewe si ya Tanzania iliyouzwa Rwanda.

Dosari ya pili ni mali isiyoandikwa. Mama anayevuka mpaka na debe la maharage, au kijana mwenye magunia mawili juu ya baiskeli, mara nyingi haingii katika vitabu vya forodha. Watu wa mpakani huuziana siku zote, lakini hesabu ya serikali haiwaoni wote.

Dosari ya tatu ni ya ujanja wa hesabu. Andikeni. Tuseme kaya tatu kijijini hufanya biashara ya shilingi 100 kwa jumla. Shilingi 10 ni za wao kwa wao. Shilingi 5 ni za jirani wa nne, ambaye hauzi wala hanunui kwingine. Shilingi 85 ni za dukani. Biashara ya ndani ni 10 kwa mia. Siku jirani yule akiingia katika chama chao, zile shilingi 5 zilizokuwa za nje zinakuwa za ndani. Sasa ni 15 kwa mia. Je, kuna hata kibaba kimoja kilichoongezeka? Hakuna. Ni mpaka wa hesabu uliosogezwa.

Kumbukeni jambo hili mnaposikia takwimu za Jumuiya. Mapatano yalitiwa sahihi mwaka 1999 na nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Sasa ni nchi nane. Mtu akilinganisha biashara ya nchi tatu na biashara ya nchi nane, kwanza mwulizeni: umehesabu nchi zile zile?

Kipimo cha pili: tofauti ya bei

Kipimo hiki ninakipenda kwa kuwa mkulima aweza kukifanya mwenyewe. Tuchukue mfano, bei hizi ni za kufundishia tu. Gunia la kilo 100 la mahindi lauzwa shilingi 60,000 Kibaigwa. Siku hiyo hiyo, gunia la aina ile ile Nairobi, tukigeuza fedha ya Kenya kuwa ya kwetu, ni shilingi 95,000. Tofauti ni shilingi 35,000. Toeni nauli, upakiaji na faida ya haki ya mfanyabiashara, tuseme shilingi 20,000. Zinabaki shilingi 15,000. Hizo tuziite "ukuta".

Ukuta huo umejengwa kwa nini? Kwa vibali, kwa kusubiri, kwa vyeti vinavyopimwa upande huu na kutokubaliwa upande wa pili, kwa chai ya njiani, na kwa hofu kwamba mpaka waweza kufungwa kesho. Kama nchi mbili zinaungana, ukuta huo hupungua mwaka hata mwaka. Mpaka ukifungwa, ukuta hupanda: bei hushuka Kibaigwa kwa kuwa mahindi hayana pa kwenda, na hupanda Nairobi kwa kuwa hayakufika. Wanaolipa ni wawili, aliyelima huku na anayekula kule.

Tusichanganye ukuta na nauli. Barabara ya lami kutoka Dodoma kupita Kondoa hadi Babati ilifunguliwa rasmi mwaka 2018, nayo imetufupishia safari ya Arusha na Namanga. Barabara hupunguza zile shilingi 20,000. Lakini zile 15,000 haziondolewi kwa lami. Zaondolewa kwa mapatano yanayotekelezwa. Na angalieni: bei ya siku moja haitoshi. Ni lazima kuandika bei kwa miezi mingi, kwa mali ya aina moja na kwa uzito mmoja.

Kipimo cha tatu: muda na sheria

Wengine hupima muda. Lori limetumia siku ngapi kutoka Dar es Salaam hadi Kigali? Limesimamishwa mara ngapi? Dereva ameonyesha karatasi ngapi? Huko Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, mwaka 2016 kilifunguliwa rasmi kituo kimoja ambamo maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi pamoja, ili dereva asisimame mara mbili. Saa zinazookolewa hapo ni kipimo cha umoja, kama vile fedha.

Wengine hupima sheria, yaani kama kilichoahidiwa kinafanyika. Mathalani, nchi zetu zilikubaliana kutoza ushuru mmoja kwa mali itokayo nje ya Jumuiya: hakuna ushuru kwa malighafi, 10 kwa mia kwa vitu vilivyotengenezwa nusu, na 25 kwa mia kwa vitu vilivyokamilika. Julai 2022 iliongezwa ngazi ya nne ya 35 kwa mia. Lakini nchi yaweza kuomba ruhusa ya kutoza kiwango chake. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 2018 kwa mafuta ya kula yaliyosafishwa, ikatoza 35 mahali pa 25. Mkulima wa alizeti wa Singida na Dodoma hufurahi, maana mafuta ya ng'ambo hupanda bei; mnunuzi wa mafuta hulipa zaidi. Sisemi kwamba jambo hilo ni baya. Nasema kwamba ruhusa za namna hiyo zikizidi, ushuru huo unabaki wa pamoja kwa jina tu.

Katika fedha pia kuna vipimo. Kabla ya kuwa na sarafu moja, kila nchi ni lazima izuie bei zisipande zaidi ya 8 kwa mia kwa mwaka, upungufu wa bajeti usizidi 3 kwa mia ya pato la taifa, deni lisizidi 50 kwa mia ya pato hilo, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kununua mali za nje kwa miezi minne na nusu. Sarafu hiyo ilitazamiwa mwaka 2024. Tarehe imesogezwa hadi 2031.

Hatari ya wastani

Wataalamu wamejaribu kuunganisha vipimo vyote kuwa namba moja. Mwaka 2016 Umoja wa Afrika, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika walitoa kipimo cha namna hiyo kwa bara zima, wakitazama biashara, njia za mawasiliano, uzalishaji, safari za watu na fedha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa ya kwanza.

Ni sifa, tuipokee. Lakini wastani twaujua sisi wa Dodoma. Mvua yetu kwa mwaka ni kama milimita 570 kwa wastani. Mkulima hali wastani. Mvua ikinyesha yote Desemba na Januari, kisha ikakatika Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, wastani utakuwa mzuri na ghala litakuwa tupu.

Tena, historia yetu yatuonya. Jumuiya ya zamani ingepimwa kwa vipimo vya leo, ingepata alama za juu kabisa. Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja hadi mwaka 1966. Zilikuwa na forodha moja, posta moja na ndege za shirika moja. Reli hii ipitayo Dodoma, iliyofika hapa mwaka 1910, ilikuwa chini ya shirika moja na reli za Kenya na Uganda.

Kilichokosekana ni mgawo uliowaridhisha wote. Viwanda vingi vilikuwa Kenya. Mwaka 1961 tume ya Jeremy Raisman ilitambua kwamba faida haigawanyiki sawa, ikashauri uwepo mfuko wa kugawana sehemu ya kodi. Mapatano ya mwaka 1967 yaliendelea na dawa hiyo: Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki iliagizwa kuwekeza sehemu 38¾ kwa mia Tanzania, 38¾ Uganda, na 22½ Kenya. Hayo yote hayakutosha, na siasa nazo zikaharibika. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983.

Basi somo la leo ni hili. Tukiupima umoja, tuulize mambo matatu pamoja. Umefika wapi? Faida yake inakwenda kwa nani? Na je, unasimama wakati wa shida, chakula kinapopungua na kila serikali inapotazama wananchi wake? Kipimo kinachojibu swali la kwanza peke yake chaweza kutuambia kwamba mambo ni mazuri hadi siku ile yanapovunjika.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Taja mazao mawili ya wilaya yenu yanayouzwa katika nchi jirani. Mnajuaje kwamba yanafika huko?

2. Mpaka ukifungwa kwa mahindi, ni nani kijijini kwenu anayepata faida, na ni nani anayepata hasara? Msiwasahau wanunuao chakula.

3. Rudieni hesabu ya kaya nne. Kisha mwelezeni mtu asiyesikiliza somo hili kwa nini namba ilipanda.

4. Kazi ya nyumbani: chagueni zao moja. Kila siku ya gulio andikeni bei, uzito wa gunia na tarehe. Mwenye ndugu au rafiki Arusha, Nairobi au Kigali amwulize bei ya huko siku hiyo hiyo. Tutazitumia hesabu hizo katika somo la nane.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya vyama vya ushirika na stakabadhi ghalani. Hadi hapo, ndugu wasikilizaji, kwaherini.