Bukari, Kobalti na Tezi ya Shingo



Nimeombwa niseme juu ya kemikali zinazovuruga homoni, na jinsi maabara inavyozitambua. Jambo hili likitajwa, fikra za wengi hukimbilia Ulaya na Marekani. Ni kweli huko kuna kisa maarufu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Boston, Ana Soto na Carlos Sonnenschein waliona seli za saratani ya matiti zikiongezeka mahali ambapo hapakuwa na homoni ya estrojeni ya kuziamsha. Walitafuta, wakakuta kemikali iitwayo nonilifenoli inavuja kutoka kwenye mirija ya plastiki ya maabara yao wenyewe. Mwaka 1996 sheria ya Marekani ikaagiza dawa za kuulia wadudu zichunguzwe kama zinaiga homoni hiyo. Amri za kwanza za kupima zilitolewa 2009. Miaka 13! Kumbe serikali za kusuasua haziko kwetu tu.

Lakini Kongo ilikuwa imeshaingia katika somo hili kabla ya mirija ya Boston. Katika miaka ya 1960 daktari Mbelgiji François Delange na wenzake walifanya kazi kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu. Kaskazini mwa kisiwa watu wengi walikuwa na rovu. Kusini lilikuwa adimu. Iodini ilikuwa haba pande zote mbili, kwa hiyo uhaba peke yake haukutosha kueleza tofauti hiyo. Jibu lilipatikana katika chakula. Waliwapima watu kwa iodini yenye mnururisho kidogo, wakaona kwamba baada ya kula muhogo wa kaskazini tezi ya shingo hupokea iodini pungufu. Muhogo usiolowekwa vizuri hubaki na sayanidi. Mwili huigeuza kuwa thiosayanati, nayo thiosayanati hugombania na iodini mlango wa kuingilia kwenye tezi.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndiyo kiini cha mhadhara huu. Mwenye iodini ya kutosha anakula bukari, yaani ugali wa muhogo, na sombe, majani yake, maisha yake yote na shingo yake inabaki salama. Asiye nayo, chakula kilekile kinamvimbisha. Ukiuliza kama thiosayanati ni sumu ya homoni, hutapata jibu mpaka useme kwanza ni kwa nani, na amekula nini.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa chuo hiki chetu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wengine, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini vya Katanga. Kobalti waliyoikuta ilikuwa nyingi kuliko iliyowahi kuripotiwa popote kwa raia wa kawaida. Kulikuwa pia na risasi, kadimi na aseniki. Mwaka 2020 watafiti wa hapa na wa Ubelgiji walionyesha kwamba kasoro za mwili kwa watoto wanaozaliwa Lubumbashi zilionekana zaidi kwa wale ambao baba zao wanafanya kazi za migodi.

Kobalti ina historia na tezi hii. Zamani madaktari waliitoa kama dawa ya upungufu wa damu, na mwaka 1955 huko Marekani iliripotiwa kwamba wagonjwa, wakiwemo watoto wenye selimundu, walivimba shingo, na tezi zao zikapungukiwa nguvu. Dozi zile zilikuwa kubwa mno kuliko vumbi la mtaa wowote wa Lubumbashi, kwa hiyo sitatangaza rovu la kobalti. Ninalosema ni kwamba uhusiano wa kobalti na tezi tayari unajulikana. Kadimi nayo, mwaka 2003, ilionyeshwa katika panya kuwa inafanya kazi ya estrojeni kwenye mji wa mimba.

Maabara za dunia zina kipimo kizuri cha tezi. Viluwiluwi wa chura wa Kiafrika mwenye makucha, Xenopus laevis, huwekwa siku 21 katika maji yenye kemikali, kisha hutazamwa kama miguu ya nyuma imeota kwa wakati, kwa sababu kiluwiluwi hawezi kuwa chura bila homoni ya tezi. Nakipenda kipimo hiki. Ni chepesi kueleweka hata kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ila hupima kemikali moja moja, katika maji safi. Mtoto wa mtaa wa Penga-Penga, hapa Lubumbashi, anapata kobalti, risasi na kadimi kwa pamoja, juu ya sahani ya bukari ya muhogo na mahindi. Na kule Mitwaba, humu humu Katanga, kwenye kasiteriti, madini ya bati, inayochimbwa kwa mikono, mchanganyiko ni mwingine kabisa.

Kwa hiyo sitawaomba jengo la fahari. Naomba tone la damu ya kisigino cha kila mtoto mchanga katika hospitali za uzazi za jiji hili, likaushwe kwenye karatasi, lipimwe TSH, homoni inayopanda tezi inapolemewa. Shirika la Afya Duniani limetumia kipimo hiki kwa miaka mingi kupima uhaba wa iodini. Pamoja nalo uchukuliwe mkojo wa mama, upimwe iodini, thiosayanati na kobalti. Upimwe hapa Lubumbashi, usipakiwe tena kwenye ndege kwenda Ubelgiji. Makampuni yanayochimba kobalti yalipie mashine. Wizara ya Afya iagize kipimo. Na majibu aambiwe kwanza mama mwenyewe, kwa Kiswahili, kabla hayajaandikwa kwenye jarida lolote.