Bahasha Chini ya Godoro

Kuna nyumba moja Kibaha, si mbali na Maili Moja, ambamo mpaka wiki mbili zilizopita pasipoti nne zilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha yenyewe chini ya godoro. Jirani alikuwa hajui. Mwalimu wa watoto alikuwa hajui. Hata mama mzazi wa mwenye nyumba, aliyeko Kisarawe upande wa Maneromango na mikorosho yake, alikuwa hajaambiwa kwamba binti yake, mkwewe na wajukuu wawili wanahamia Uingereza. Wenyewe wameniruhusu niyaseme haya, mradi nisiwataje majina.

Mke ni muuguzi, kazi ameipata. Mume ni fundi umeme, atatafuta akifika. Sina ugomvi na safari yao. Ugomvi wangu ni na lile godoro.

Ukiwauliza wanaoondoka kimyakimya watakwambia safari ina macho: ukiitaja mapema viza inagoma, wakala anazima simu, mtoto anaumwa. Wengine wanaogopa kitu cha kawaida zaidi, michango. Ukishasema unakwenda Ulaya, kesho yake ada ya mtoto wa binamu ni yako. Hilo nalielewa kabisa. Na lile la macho silicheki pia, kwa sababu nimewaona waliouza mpaka makochi, wakaagwa kwa pilau na maturubai, halafu ikaja barua ya kunyimwa viza. Kurudi mtaani ukiwa umeshaagwa ni aibu nzito.

Lakini tazama siri inavyokula watu. Ukiomba pasipoti unatakiwa upeleke cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi wako, au kiapo badala yake. Bibi wa Kisarawe, mama yake muuguzi, alizaliwa kijijini zamani, cheti hana. Basi alifuatwa kwa bodaboda, akapelekwa kwa wakili, akatia dole gumba kwenye wino. Alipouliza ni cha nini, akaambiwa, "Mambo ya kitambulisho cha NIDA, mama." Pasipoti moja ni shilingi 150,000, nne ni 600,000. Hela ilipatikana. Ukweli wa dakika mbili kwa mzee ndio ulioadimika.

Hapo hapo Kibaha kuna watu waliowahi kuja kutoka mbali, wakakaa, kisha wakaondoka vizuri. Mwaka 1963 nchi nne, Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilianza pale Tumbi mradi ambao leo tunauita Shirika la Elimu Kibaha. Ikajengwa sekondari, kikawekwa chuo cha wakulima na kituo cha afya. Wataalamu wao nao walikuwa watu waliohama kwao. Tofauti ni kwamba tangu siku ya kwanza ilijulikana wataondoka. Mwaka 1970 wakaikabidhi kazi kwa serikali ya Tanzania. Sekondari ile bado inafundisha, na Jakaya Kikwete ni mmoja wa waliopita madarasa yake. Kituo cha afya ndicho kilichokua kikawa Hospitali ya Tumbi, ambayo leo ni ya rufaa ya mkoa. Mgeni aliyekaa miaka saba alifanya makabidhiano. Sisi tuliozaliwa hapa tunataka kuondoka kama wapangaji wanaokimbia kodi.

Na vya kukabidhi vipo. Dada yetu huyu ana ekari mbili kwenye shamba la mama yake. Alipewa kwa mdomo, mbele ya mjomba ambaye sasa ni marehemu. Hakuna muhtasari wa kijiji, hakuna hatimiliki ya kimila. Akiwa Kibaha hakuna anayemgusa, kwa sababu kila msimu wa korosho yuko pale na gunia lake. Akikaa miaka kumi Birmingham, nani atamkumbuka? Tena miaka ikipita watu huchukua uraia wa kule. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haitaki uraia pacha kwa mtu mzima: ukichukua wa nje kwa hiari yako, wa Tanzania umeuacha, na mtoto mwenye uraia wa nchi mbili akifika miaka 18 hana budi kuchagua. Asiye raia hamilikishwi ardhi hivi hivi tu. Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha hadhi maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia mwingine, na ni hatua nzuri. Lakini hadhi maalum si uraia, na haitamfufua mjomba aje kutoa ushahidi wa ekari mbili.

Nyumba ya Kibaha nayo wanataka kuipangisha. Mume alikuwa na wazo la kuiuza, mke akakataa. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 hilo lilikuwa limeishia hapo, kwani nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza.

Niingize neno kwa wanaosikiliza huku wamekaa na dalali wa safari. Uingereza si mlango uliokaa wazi. Tangu Machi 2024 anayekwenda kwa kazi ya kutunza wazee haruhusiwi kwenda na mwenza wala watoto, na Julai 2025 kuajiri watunzaji wapya kutoka nje kukafungwa. Huyu wa kwetu amepita kwa sababu ni muuguzi aliyesajiliwa. Dalali akikuuzia kazi ya kutunza wazee London, wewe na familia yako yote, shika pochi yako.

Basi Jumamosi moja wakaamua kwenda kumwambia bibi, nami nikafuatana nao. Kibaha na Kisarawe ni mkoa mmoja, Pwani, lakini mtegemea daladala anaingia kwanza Dar halafu anatoka tena. Tulifika saa saba, vumbi mpaka kwenye kope. Bibi alikuwa kwenye mkeka anamenya mihogo: anachana ganda kwa ncha ya kisu, anavuta, linatoka zima, muhogo anautupa kwenye sufuria la maji. Shikamoo zikaisha. Mkwe akaanza kuzunguka, akataja mvua, akataja bei ya korosho.

Bibi hakuinua macho. "Lile dole nililotia kwa wakili, mlidhani nimelitia nikiwa usingizini? Mnakwenda lini?"

Kimya. Binti akasema, "Mwezi wa nane, mama."

"Haya. Na huyu mwali wangu atachezwa na nani?"

Mjukuu wa kike ana miaka kumi na mmoja. Kwa Wazaramo hilo si swali dogo. Mwali huwekwa ndani, hufundwa, huchezwa, na wenye kuyasimamia hayo ni bibi na mashangazi. Kile kitoto cha mti, mwana hiti, ambacho mwali alikuwa akipewa akiwa ndani, chenyewe kilishahama zamani. Kimo kwenye makabati ya vioo ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na nina shaka kama kuna aliyekiaga. Mkwe, mtu wa Moshi, alikuwa amejiandaa kujibu habari za viza, nauli na baridi. Hili hakuwa na jibu lake.

Mazungumzo yalikwenda mpaka alasiri, mengine kwa sauti ya juu. Bibi aliumia, na hakuficha. Alisema angekufa leo wangempelekea salamu kwa simu. Kisha akapanga mambo kama mtu aliyeyafikiria tangu siku ya kiapo. Binti wa dada yake atahamia nyumba ya Kibaha badala ya mpangaji asiyejulikana. Ekari mbili zitapelekwa serikali ya kijiji, ziandikwe na zipimwe, majirani wa mipaka wakiwepo. Na mjukuu akifunga shule mwezi wa sita anakwenda Kisarawe, anakaa na bibi yake mpaka siku ya ndege.

Bahasha ile sasa iko kabatini, na jirani ameshajua. Wewe ambaye yako bado iko chini ya godoro, Jumamosi hii panda daladala ukawaone wazee. Usipige simu. Nenda.