Mlio wa Ziada Kifuani

Mama amempeleka mtoto hospitali kwa kikohozi. Daktari anasikiliza kifua, anatulia, anarudisha kifaa chini ya titi la kushoto, kisha anasema: "Moyo una mlio wa ziada."

Mama, usiingiwe na hofu. Kwa watoto wengi mlio huo hauna madhara. Ni damu inayopita kwa kasi, hasa mtoto akiwa na homa au upungufu wa damu.

Lakini upo mlio unaotokana na valvu, yaani mlango wa moyo, iliyoharibika, au tundu la moyo la kuzaliwa nalo. Mtoto mwenye mlio wa aina hii huchoka na kutokwa jasho anaponyonya, uzito hauongezeki, midomo hubadilika rangi. Hapo sikio halitoshi: anahitaji eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Haiumi wala haina mionzi. Anayehitaji upasuaji huweza kupewa rufaa hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Na tusiyapuuze maumivu ya koo kwa kusema ni baridi tu ya hapa kwetu Ufipa. Bakteria wa koo wasipotibiwa wanaweza kuleta ugonjwa unaoharibu valvu za moyo. Mtoto akiumwa koo na homa, mpeleke kituo cha afya, na dozi aliyopewa aimalize.